Croydon: Mlango wa London Uliopigwa Mapema

Wengi wetu tuliowahi kuhangaikia vibali vya kuishi Uingereza tunaijua Croydon kwa jengo moja tu: Lunar House, ghorofa 20 za zege zenye maofisa wa uhamiaji. Lakini zamani mji huu wa kusini mwa London tuliujua kwa jambo la heri. Tarehe 28 Februari 1931, ndege ya shirika la Uingereza la Imperial Airways iliondoka hapo na barua za Mwanza. Barua hizo zilibadilishiwa vyombo njiani, zikapanda hata treni, kisha zikapitia Kairo, Khartoum na Kisumu.

Croydon ndiko kulikokuwa na uwanja mkuu wa ndege wa London. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, wakaingia marubani wa kivita.

Jioni ya Agosti 15, 1940, ndege za Ujerumani zikatokea. Hitler alikuwa bado amekataza London isipigwe. Inaaminika marubani wake walidhani wako Kenley, kituo cha jirani cha jeshi la anga. Ving'ora vililia mabomu yameshaanguka. Walikufa watu zaidi ya 60, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vilivyopakana na uwanja. Kiwanda cha manukato cha Bourjois nacho kilipigwa.

Ya 1944 yananisumbua zaidi. Croydon ilikuwa kwenye njia ya V-1, mabomu yenye mabawa yaliyojiendesha bila rubani. Yaliiangukia takriban 140, mengi kuliko manispaa nyingine yoyote ya London. Wakati huohuo, majasusi wa Ujerumani waliogeuzwa na Waingereza walikuwa wakituma taarifa za uongo kwamba mabomu yanapitiliza shabaha, ili Wajerumani wapunguze masafa na mabomu yaanguke kusini zaidi. Waziri Herbert Morrison alipinga: nani aliwapa mamlaka ya kuamua mtaa upi ufe badala ya mwingine? Hila iliendelea. Wanahistoria bado wanabishana ilichangia kiasi gani, ila wakazi wa kusini hawakuulizwa.

Amani ilileta wabomoaji wengine. Uwanja ulifungwa mwaka 1959, nyumba zikiwa zimeuzonga. Sheria ya 1956 ilikwishaipa halmashauri nguvu ya kuujenga upya mji. Minara ya ofisi ikachipuka, na shule ya enzi za Malkia Victoria ikavunjwa kupisha maduka ya Whitgift Centre. Novemba 2020 halmashauri hiyohiyo ilitangaza kwamba haina fedha za kutimiza bajeti yake. Lunar House, yenye ofisi za serikali kuu, iliendelea kuita watu.