Ukijiajiri, siku za kuugua ni zako mwenyewe

Fundi umeme anaacha kazi kwenye kampuni baada ya miaka minane. Ujuzi anao, wateja wawili watatu wamemwahidi kazi, na mkewe ameridhia. Mwezi wa kwanza fedha anayoshika inazidi mshahara wake wa zamani. Mwezi wa pili anateleza kwenye ngazi, anavunjika mkono na kukaa nyumbani wiki sita. Hapo ndipo familia inapogundua kuwa alichokiacha kazini si mshahara peke yake.

Mfano huu unamgusa kila anayetoka kwenye ajira kwenda kufanya kazi za mikataba yake mwenyewe, awe fundi bomba, mshonaji au mpiga picha.

Kilichobaki kwa mwajiri

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Mama aliyejifungua hupata siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja.

Kwenye NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu yake. Mwajiriwa akiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Aliyejiajiri hana wa kumlipia hayo. Asipoyaweka kwenye bei ya kazi yake, yatalipwa na ada ya mtoto au chakula cha nyumbani.

Hesabu ya bei ya siku

Tuseme familia inahitaji Sh600,000 kwa mwezi. Wengi huigawa kwa siku 26 na kupata kama Sh23,000 kwa siku, kisha hutoza hiyo. Wanasahau siku za kukagua kazi, kusubiri mteja, mvua za masika na homa.

Kama siku zenye malipo ni 15, bei inapanda hadi Sh40,000. Ukiongeza Sh150,000 za bima ya afya, NSSF, akiba na uchakavu wa vifaa, unafika Sh50,000 kwa siku. Mteja akisema ni ghali, fundi atajua anaweza kushuka hadi wapi bila kuumiza nyumba yake.

Kabla ya kuaga

Kwanza, uliza bima ya mwajiri inakoma lini, kwa sababu mke, mume na watoto waliomo hutoka pamoja nawe. Tafuta bima nyingine mapema, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au mwenye kisukari au shinikizo la damu.

Pili, weka akiba ya matumizi ya miezi mitatu, mbali na fedha ya vifaa.

Tatu, nyoosha karatasi. Namba ya mlipakodi (TIN) hutolewa bure na TRA. Fundi umeme anahitaji leseni ya EWURA, na aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kurasimisha ujuzi wake kupitia VETA. NSSF nayo inapokea wanachama waliojiajiri.

Nne, andikiana na mteja, hata kama ni jirani. Taja kazi, bei, nani ananunua vifaa, na malipo yatatolewa katika hatua zipi.

Pesa ya nyaya si pesa ya nyumba

Malipo ya awali huzua ugomvi. Mume anaingia na Sh800,000, mke anaona ada imepatikana, kumbe Sh650,000 ni za nyaya na soketi. Dawa yake ni kuelezana siku hiyo hiyo: hii ni ya mteja, hii ni yetu. Akaunti mbili, au laini mbili za simu, husaidia.

Mwisho ni mwili wenyewe. Aliyejiajiri huahirisha hospitali kwa kuogopa kupoteza siku moja, na kidonda cha siku moja kinageuka cha mwezi. Viatu vya kazi, glovu, ngazi imara na kuwahi matibabu ni sehemu ya mtaji, sawa na koleo na bisibisi. Yule fundi mkono wake utaunga. Akirudi kazini, aanze na hesabu ya bei yake, na mkewe awe pembeni.