Makuta ya shimo, nyumba ya tomati: nani atashika ufunguo?

Kwenye shimo la zahabu hakuna PDG mwenye akili anayemwita shemeji yake kutoka mjini, kijana ambaye hajawahi kushika nyundo, na kumwambia: «Kuanzia leo wewe njo kondikteri.» Timu itacheka, halafu itaondoka. Kondikteri ni mutu aliyeanza chini, anayejua saa gani udongo unataka kuanguka, na wenzake wanakubali kushuka nyuma yake. Lakini PDG yule yule, akisha kupata kidogo upande wa Bafwasende ao Banalia, anafika Kisangani, ananunua kiwanja, anasimamisha nyumba ya plastiki ya kulimia tomati, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa serre, na ufunguo anampa shemeji. Kisha anarudi msituni.

Ni juu ya ufunguo huo tunaandika leo. Plastiki inanunuliwa, mbao zinanunuliwa, hata mbegu za bei kali zinapatikana. Kitu kigumu ni mutu. Na makuta yanayoingia mule si ya kuokota: ni miezi ya kuinama ndani ya maji, ni homa, ni watoto waliolelewa na mama peke yake.

Tuseme kwanza kwa nini watu wanaitamani hii kazi. Vitunguu, viazi na maharage mengi ya masoko yetu yanatoka mbali, upande wa Butembo na Lubero, kwa barabara ya taifa nambari 4. Lori likikwama kwenye matope, ao usalama ukiharibika njiani, bei inapanda siku ile ile. Tomati tunaweza kulima hapa, lakini mvua inazipiga. Kisangani inapokea karibu milimita 1,700 mpaka 1,800 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Jani la tomati likikaa na maji usiku kucha, ugonjwa unaingia, madoa meusi yanapanda kutoka chini, na kwa siku chache shamba limekwisha. Mutu mwenye paa juu ya tomati zake anauza wakati wengine hawana kitu. Hesabu hiyo ni ya kweli.

Ila kuna jambo ambalo msimamizi wa kwanza anakosea, na linaua biashara mapema. Nyumba za plastiki tunazoziona kwenye simu ni za Ulaya, ao za Naivasha kule Kenya, penye maua yanayouzwa Uholanzi. Ulaya wanafunga ili kukinga baridi. Naivasha iko karibu meta 1,900 juu ya bahari, usiku kunakuwa na ubaridi. Sisi tuko kama meta 400. Hapa ukifunga kuta za plastiki pande zote, saa sita ya mchana joto ndani linapita 40 kwa urahisi, na ua la tomati likikutana na joto la kupita 35 linaanguka bila kuzaa. Mmea unakuwa mrefu, majani mazuri, kila anayepita anasifu, na tunda hakuna. Kwa hiyo Kisangani inataka paa la plastiki lililo juu sana, na kuta za chandarua, mustikeri ya wadudu, ili hewa ipite. Kazi ya nyumba ile hapa kwetu ni mwavuli. Anayekuja kuomba kazi na kukuambia «boss, lazima tuifunge vizuri», mshukuru, mpe maji ya kunywa, umsindikize mpaka barabarani.

Hapo njo tunafika kwenye namna ya kuchagua. Wengi wanauliza: una diplome gani? Umetoka kabila gani? Nani anakujua? Tunaona heri kumpeleka mutu penye mimea na kumuuliza mambo matatu ao manne ambayo hayawezi kujibiwa kwa maneno matamu.

Muulize: kwenye nyumba ya meta 8 kwa 15 utapanda miche mingapi? Ni meta 120 za mraba, na tomati ya kufungwa kwa kamba inataka nafasi ya miche 2 mpaka 3 kwa meta moja. Basi jibu liko kati ya 240 na 360. Akisema elfu moja ili ufurahi, hajawahi kufanya hii kazi; miche elfu moja mule itakosa hewa, itaoza yote.

Muulize: tukipanda mbegu leo, tutauza lini? Mbegu inakaa kwenye kitalu karibu mwezi mmoja, halafu tangu kuhamisha miche mpaka tunda la kwanza ni miezi miwili ao mitatu. Anayekuahidi makuta mwezi wa pili anakuandalia maneno ya mwezi wa tatu.

Muulize: ndani hakuna upepo mkali kama nje, ua litashika mimba namna gani? Aliyefanya kazi atakuambia kwamba asubuhi, maua yakiwa makavu, anapita kwa kila mstari akitikisa kamba polepole ili unga wa ua uanguke. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji mashine. Lakini mutu asiyeijua hataibahatisha.

Na swali kubwa: mmea umeamka mzima, saa sita umelala kama umemwagiwa maji ya moto, jioni umeinuka, kesho kutwa umekufa na majani yake bado mabichi. Ni nini? Kama anajibu «ni kukosa maji», ama «tutapiga dawa», angalia vizuri. Anayejua atakata shina karibu na udongo, atalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, na atangoja. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni ugonjwa wa mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Unakaa ndani ya udongo miaka, na unapenda fasi ya joto na maji, maana yake fasi yetu. Kule Kenya, tangu mwisho wa miaka ya 2000, wakulima wadogo wengi walinunua nyumba za plastiki kwa mkopo, na ugonjwa huu uliwafukuza wengi kwa sababu nyumba haihami: shamba la wazi unaliacha unaenda pengine, nyumba ya plastiki inabaki pale pale juu ya udongo mgonjwa. Msimamizi mzuri anaanza kupigana nao kabla haujaingia. Anapanda kwenye mifuko ya udongo safi, ama anabadilisha mimea, na hawezi kukuambia baada ya tomati tupande pilipili ao mbilingani, kwa sababu zote ni ukoo mmoja na zinashikwa na ugonjwa ule ule. Anamkataza pia mgeni kuingia na viatu vyenye matope. Hata wewe PDG mwenyewe. Akikuzuia mlangoni usikasirike, umempata.

Watu kama hao wako wapi? Mkoa wetu si maskini kwa jambo hili. Yangambi, kama kilometa 100 kwa mto, ilikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha INEAC tangu 1933, leo INERA, na kuna IFA inayofundisha wahandisi wa kilimo. Kuna wazee waliofanya kazi kwenye vitalu vya kule, ambao mikono yao inajua mambo ambayo vitabu vinayasema kwa kurasa kumi. Kuna vijana wa IFA wenye akili na bila kazi. Na kuna hawa bamama wanaolima lengalenga na matembele kwenye mabonde ya mji, ambao hakuna anayefikiri kuwaita. Mama aliyelisha watoto sita kwa bustani ya mchicha miaka kumi anajua maji, anajua wadudu, anajua soko, na anajua hesabu ya kurudisha deni. Kijana wa IFA na mama kama huyo, pamoja, ni timu. Tukilazimishwa kuchagua mmoja tu, na uzoefu wa bustani uko kwa mama, sisi tutaanza na mama.

Na shemeji? Hatusemi ndugu ni mbaya. Kuna ndugu waaminifu kupita mgeni yeyote. Shida ya ndugu ni kwamba mavuno yanakuwa ya ukoo: leo kuna matanga, kesho ada za shule, siku nyingine mgonjwa, na yeye mwenyewe anaona aibu kukataa kwa sababu anajua sanduku liko wapi. Kisha siku ya kumwondoa, baraza la familia linakaa, na wewe uko shimoni kilometa 200. Ukimchukua ndugu, mpime kwa maswali yale yale, umlipe kila mwezi, na umwandikie karatasi.

Juu ya karatasi, tusimame kidogo, kwa sababu wengi wanaogopa maandishi wakifikiri yanamlinda mfanyakazi peke yake. Sheria ya kazi ya nchi yetu, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mkataba uandikwe, na kama hakuna maandishi, unahesabiwa kuwa ni mkataba usio na mwisho mpaka pawepo ushahidi wa kinyume. Sheria ile ile inaruhusu kipindi cha majaribio, lakini nacho lazima kiandikwe: kisipite mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Angalia sasa: tangu mbegu mpaka mwisho wa kuvuna tomati ni miezi mitano ao sita. Sheria imekupa msimu mmoja mzima wa kumjua mutu. Lakini yule uliyempa kazi kwa mdomo chini ya mwembe, siku ya ugomvi huna karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa kwenye majaribio. Baada ya majaribio, ukitaka kumwachisha bila kosa kubwa, unapaswa kumpa taarifa ya siku za kazi zisizopungua 14, pamoja na 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Ofisi ya ukaguzi wa kazi inaweza kukuelezea mengine; kuuliza kabla ni rahisi kuliko kuitwa kule.

Ndani ya karatasi andika mshahara, na andika pia sehemu ya mavuno. Sisi tunapenda namna hii kwa sababu wachimbaji wanaijua: hakuna anayechimba kwa nguvu shimo ambalo hana kifungu ndani. Mshahara mdogo usiokosa tarehe, na sehemu ya faida baada ya kuuza, vinamfanya mutu aamke usiku mvua ikianza kuvuta plastiki. Ukimlipa «nikipata nitakutumia», atajilipa mwenyewe kwa beseni, na kusema kweli, ni wewe uliyemfundisha.

Halafu makuta yapite mikono tofauti. Shimoni kuna kondikteri anayesimamia kazi na kuna sekretere anayeandika. Hakuna anayeshangaa. Kwa nini kwenye tomati mutu mmoja avune, apime, auze na ahesabu? Msimamizi avune na apime, aandike kilo kwenye kaye. Mke wako, ao dada yako anayekaa mjini, apokee na kuuza kwa bamama wa soko, aandike kaye yake. Kila mwisho wa juma kaye mbili zinakutana. Tunajua waume wanaoficha biashara kwa wake zao na kumwonyesha msimamizi kila kitu. Mama huyo njo atakayeuliza siku moja kwa nini beseni zilikuwa kumi na makuta ni ya nane.

Dawa za wadudu nazo zitajwe kwenye mapatano. Ndani ya nyumba dawa haitawanyiki haraka kama shambani, na kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kopo. Msimamizi anayepiga dawa leo na kuvuna kesho kwa sababu bei imepanda anawalisha watoto wa mji sumu, na wako ni kati yao. Kinga ya mdomo na ya mikono uinunue wewe, usimwachie atafute kitambaa.

Simu inasaidia, ila usiiamini kupita kiasi. Mutu anaweza kukutumia tomati moja nzuri miezi mitatu, akibadilisha pande ya kupiga picha. Omba picha ya ukurasa wa kaye wa leo, uliowekwa chini ya mmea wa mwisho wa mstari wa mwisho, ule wa pembeni ambao hakuna anayeusifu. Na kama kule msituni mtandao hakuna, mpe mutu wa tatu, asiyekula mshahara wako wala wa msimamizi, apite mara moja kwa mwezi bila kutangaza siku.

Siku ya kukabidhi ufunguo, hesabuni pamoja: mapipa, mipira ya maji, majembe, mita za chandarua, mizani. Andikeni karatasi mbili, kila mmoja na yake, na mama wa nyumbani aweke sahihi pamoja nanyi. Umeme wa SNEL usiuhesabu kwenye maji. Pipa lililoinuliwa meta moja ao moja na nusu juu ya mbao linatosha kusukuma matone kwenye mipira, na msimamizi ajaribu mbele yako, kabla hujapanda lori la kurudi.