Kuongeza Diski katika Ghala la Kimantiki: Suala la Kuhifadhi Sauti za Kiswahili cha Kisangani

Kiswahili cha Kisangani, ambacho wataalamu wengi hukiita Kingwana, kinaishi midomoni kuliko vitabuni. Anayetaka kukihifadhi hana budi kuhifadhi sauti, nayo sauti hula nafasi. Mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, ambao toleo lake la pili la mwaka 2016 lina maneno takriban milioni 25, ungetosha katika baiti milioni 175 kama kila neno lingehesabiwa herufi saba pamoja na nafasi inayolifuata, bila alama za sarufi. Saa moja tu ya sauti iliyorekodiwa kwa kipimo cha diski za muziki, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde katika njia mbili, huchukua baiti milioni 635. Kwa hiyo mwanaisimu hukutana mapema na swali la fundi: diski ikijaa, mkusanyo ukatwe vipande?

Swali hili linaonekana wazi zaidi katika kompyuta kuu za IBM, zile zitumiwazo na mabenki na vituo vikubwa vya hesabu, kwa kuwa diski zake zina ukubwa uliowekwa. Diski ya aina ya 3390, modeli ya 3, ina silinda 3,339, na kila silinda ina duara 15 za kuandikia. Ikiandaliwa kwa ajili ya Linux, kila duara hupokea vijisehemu 12 vya baiti 4,096, na jumla yake ni baiti bilioni 2.46. Hazifiki saa nne za mazungumzo. Siku hizi diski hizo huigwa tu ndani ya makabati makubwa ya hifadhi, lakini hesabu ya silinda imebaki.

Jibu la mafundi ni kuweka tabaka kati ya diski na mtumiaji. Diski kadhaa huunganishwa kuwa kundi moja; kundi hugawanywa katika vipande vya ukubwa sawa, kwa kawaida megabaiti 4; kisha vipande hivyo hukusanywa kuwa kitu kinachoonekana kama diski moja. Jedwali hukumbuka kila kipande kiko wapi, kama vile orodha ya maktaba inavyomwezesha msomaji kuomba kitabu bila kujua rafu.

Kitu hicho kiitweje? Wafaransa na Waingereza husema volume, na mfasiri mwepesi angekimbilia “juzuu”. Neno hilo halifai. Juzuu ni sehemu ya kitu kizima, ilhali hapa tunataja kizima kilichoundwa kwa sehemu nyingi. “Ghala” ni bora zaidi, kwani ghala huongezwa chumba na bado huitwa ghala lile lile. Nacho kivumishi “kimantiki” hakihusu hoja wala fikra. Maana yake ni “kama programu inavyoliona”, kinyume cha “halisi”.

Kazi yenyewe huenda hivi. Msimamizi wa mtambo huukabidhi mfumo wa Linux diski mpya, nayo huwashwa kwa amri ya chccwdev. Hufuata dasdfmt, inayoiandaa diski na kufuta kila kilichomo. Mtu akikosea tarakimu moja ya namba ya diski anaweza kufuta kazi ya miaka. Amri ya fdasd hutenga sehemu, pvcreate huitia alama diski, vgextend huiingiza katika kundi, na lvextend hulirefusha ghala. Wanafunzi wengi huishia hapo, kisha hushangaa kuona nafasi haijaongezeka. Ghala limekua, ila mfumo wa faili uliomo bado unaamini kuta ni zile za zamani. Lazima nao ukuzwe, kwa resize2fs au xfs_growfs kulingana na aina yake. Hayo yote kwa kawaida hufanyika watumiaji wakiendelea na kazi. Isipokuwa amri tatu za mwanzo za kuiandaa diski, mambo ni yale yale katika kompyuta ndogo ya ofisini yenye Linux.

Lakini katika kompyuta hiyo ndogo ndimo hatari ilimo. Ghala lililotandazwa juu ya diski tano hudhurika ikifa moja tu. Tuseme kila diski ina uwezekano wa 2 kwa 100 wa kuharibika katika mwaka: kwa diski tano uwezekano hukaribia 10 kwa 100. Makabati ya kompyuta kuu hujikinga kwa kuandika data ya ziada katika diski nyingine. Diski za kawaida hazijikingi zenyewe. Nakala ni ya lazima, tena nje ya jengo na, hapa Kisangani, nje ya mji. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini humu kwa siku sita, na makombora yaliangukia nyumba za raia. Kabati la jirani lisingeokoa kitu.

Diski ikianza kuonyesha dalili za kuchoka kabla haijafa, pvmove huhamishia vipande vyake katika diski nyingine ya kundi, faili zikiendelea kusomwa. Kisha vgreduce huitoa ya zamani.