Jicho linapozama bila maumivu: tuelewe ugonjwa wa sinusi inayonyamaza

Kuna ugonjwa mmoja ambao hauonekani mara nyingi, lakini ukimpata mtu unaleta maneno mengi katika mtaa. Hauleti homa, na kwa kawaida hauleti maumivu. Polepole, kwa wiki au miezi, jicho moja linazama ndani na kushuka kidogo kuliko lingine. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuchelewa kutambua; wengine ndio wanaanza kumwuliza. Kisha wanaanza kunong'ona, na neno la ulozi linatajwa.

Tunapenda jambo moja lieleweke: shida hii haianzii ndani ya jicho, na hakuna jirani aliyeituma. Inaanzia katika mfupa wa shavu, na inatibika.

Kinachotokea ndani ya shavu

Ndani ya mifupa ya uso tuna vyumba vya hewa vinavyoitwa sinusi. Vilivyo vikubwa kabisa viko ndani ya mashavu, kimoja kila upande, chini ya macho. Dari ya chumba hicho ndiyo sakafu ambayo jicho linakaa juu yake, nayo ni mfupa mwembamba sana. Chumba kina mlango mdogo unaofunguka ndani ya pua. Hapo hewa inaingia na kamasi inatoka.

Mlango huo ukiziba kwa muda mrefu, hewa iliyobaki ndani inanyonywa kidogo kidogo na mwili. Fikiri chupa ya maji ya plastiki: ukinyonya hewa yake kwa mdomo, kuta zake zinaingia ndani. Vivyo hivyo kuta za sinusi zinavutwa ndani, dari inashuka, na jicho linashuka pamoja nayo. Waganga waliandika juu ya hali hii mwaka wa 1964, na mwaka wa 1994 wakaipa jina la sinusi inayonyamaza. Inawapata zaidi watu wazima, wengi wa miaka 30 hadi 50, na karibu kila mara upande mmoja tu.

Namna ya kuutambua

Mgonjwa wengi anaona vizuri. Wengine wanaona kitu kimoja kama viwili. Juu ya kope panaonekana shimo. Picha ya zamani inasaidia sana, hata ile ya kadi ya mpiga kura: muganga anailinganisha na uso wa leo na kujua mabadiliko yalianza lini.

Muganga atauliza kama mtu aliwahi kupigwa au kuanguka, kwa sababu mfupa uliovunjika unaweza kuzamisha jicho. Ataangalia pia kama si jicho lingine ndilo linalotoka nje kwa sababu ya ugonjwa wa tezi ya shingo au uvimbe. Uvimbe wa kansa nao unaweza kulivuta jicho ndani. Kwa hiyo tusikisie nyumbani. Picha ya kawaida ya radio haitoshi. Skana ndiyo inayoonyesha wazi sinusi iliyoziba, kuta zilizovutwa ndani na sakafu ya jicho iliyoshuka.

Matibabu

Dawa ya matone na miwani haviwezi kufungua mlango ulioziba. Kazi hiyo ni ya muganga wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo. Anapitisha chombo chembamba chenye taa ndani ya pua, anapanua mlango na kutoa kamasi iliyokwama, bila kupasua uso. Hewa ikirudi, jicho linaacha kuendelea kuzama, na mara nyingine sakafu inapanda yenyewe kwa miezi inayofuata. Ndiyo maana waganga wengi wanangoja karibu miezi sita kabla ya kuamua kama sakafu ya jicho inahitaji kutengenezwa kwa upasuaji wa pili.

Hatari ambayo haingoji

Kuna ugonjwa mwingine wa sinusi unaogusa jicho, nao hauna ukimya. Mtu, mara nyingi mtoto, ana mafua. Kisha kope inavimba na kuwa nyekundu, homa inapanda, jicho linasukumwa nje, linauma likigeuka, au haoni vizuri. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anahitaji antibiotiki za sindano, na pengine upasuaji. Akicheleweshwa anaweza kupoteza jicho, na maambukizo yanaweza kufika kwenye ubongo. Tusimwekee majani wala dawa ya kienyeji ndani ya jicho.

Neno kwa parokia zetu

Katika Yohana 9 wanafunzi walitafuta dhambi ya nani ilileta upofu, na Yesu hakukubali njia hiyo ya kufikiri. Basi tusimtafutie mgonjwa mlozi. Tumwombee, na tumsindikize kwenye kituo cha afya apate barua ya kutumwa hospitali kubwa. Skana na muganga wa ORL vinapatikana katika miji michache, na safari ni ghali. Diakonia ya parokia ikichangia nauli na malipo ya skana, na mama au mzee mmoja wa kanisa akienda pamoja naye, mgonjwa hatakata tamaa njiani.