Baridi ya Elgon haiulizi bei ya koti

Je, msomaji mpendwa, umewahi kusimama mjini Kitale asubuhi isiyo na mawingu ukautazama Mlima Elgon? Huonekana mpole sana. Hauna kilele chenye ncha wala theluji kama Mlima Kenya, na mgongo wake mrefu umelala pale kama ng'ombe aliyeshiba. Pengine ndiyo sababu vijana wengi huuendea kana kwamba wanakwenda kumwamkua shangazi kule Endebess: suruali ya jinzi, raba, sweta ya shule na mkate mkobani.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mji wa Bungoma uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale kama mita 1,900. Kilele cha Koitobos, ambacho ndicho wageni wengi wanaoingilia lango la Chorlim hukipanda, kina mita 4,222. (Kile kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina mita 4,321.) Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kwa hiyo mchana ambao mtu wa Bungoma anajipepea kwa gazeti katika joto la nyuzi 28, aliye Koitobos yumo katika nyuzi kama 11. Na hapo hatujataja upepo, mvua, wala usiku, ambapo umande wa huko juu huganda juu ya nyasi.

Watu wanaouogopa mlima huu huogopa ndovu na nyati. Ni kweli wapo, lakini kwa hao kuna askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, ambao utawaomba langoni wakusindikize. Baridi haina askari. Tena si lazima iwe ya kugandisha maji. Nyuzi 10 tu, zikichanganyika na nguo zilizolowa na upepo, zinatosha kumwangusha kijana mwenye afya. Huanza kwa kutetemeka. Kisha vidole vinakataa kufunga kamba za viatu, ulimi unakuwa mzito, na mtu anazungumza ovyo kama mlevi. Baadaye anaacha kutetemeka, na wenzake wanashukuru wakidhani amepata nafuu, kumbe mwili umeishiwa na nguvu za kujipasha moto. Huyo anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa mara moja, kuvishwa kavu, kufunikwa, kupewa kinywaji cha moto akiwa bado anaweza kumeza, na kuteremshwa hospitalini.

Ndiyo maana suala la vifaa si la kujipamba. Msimu wenye ukavu, kuanzia Desemba hadi Februari, huanza wakati wa likizo ndefu ya shule, na hapo ndipo wazazi huombwa pesa za safari. Kabla ya kuzitoa, mzazi, muulize mwanao swali moja: utavaa nini ukilowa?

KAMERA NA FAGIA

Habari njema ni kwamba huhitaji kwenda Nairobi kununua vitu vya bei ya kutisha. Masoko ya mitumba ya Kitale na Bungoma yana karibu kila kitu, mradi ujue kukagua kwa mkono na si kwa jicho. Nenda siku robota jipya linapofunguliwa, upate kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa mwanzo. Ukichelewa utaachiwa fagia.

Unachotafuta ni sufu, au zile sweta nyepesi zenye manyoya laini ambazo wauzaji huziita flisi. Unachokimbia ni pamba. Pamba ni rafiki mwema mjini, lakini mlimani hunywa maji, huyashika, na huuibia mwili joto. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Ikilowa huwa nzito kama gunia, na siku nzima haitoshi kuikausha. Sufu, kwa upande wake, huendelea kukupa joto hata ikiwa na unyevu. Waogiek wa misitu ya milimani walijua siri hii ya manyoya kabla ya duka lolote kufunguliwa Kitale, kwani wazee wao walishona mavazi ya ngozi ya pimbi.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, kwa idhini ya mwenye mali, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Ukinuka kama nywele zilizoungua, hiyo ni sufu. Ukinuka kama karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu, ni nailoni au poliesta, ambayo pia inafaa kwa sababu hukauka haraka. Chukua mbili nyembamba badala ya moja nene, ili upunguze unapotoka jasho na uongeze unaposimama. Usisahau kofia ya sufu, ile mnayoiita mavini, na glavu.

Koti la mvua lijaribiwe nyumbani. Lilaze juu ya beseni, libonyeze katikati liwe kama bakuli, mwaga bilauri ya maji na uondoke kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta beseni limelowa, hilo ni koti la kwendea kanisani. Kagua pia mishono kwa ndani. Makoti mazuri huwa na utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, na utepe ukianza kubanduka maji yataingilia hapo hapo. Mwavuli uache nyumbani. Upepo wa Koitobos utaugeuza kuwa ua.

KIATU KINACHOJIFANYA KIPYA

Hapa naomba tutulie kidogo, maana kiatu ndicho kifaa kinachodanganya kuliko vyote. Utaona mabuti ya kupandia mlima yanang'aa, soli haijalika hata kidogo, na muuzaji anaapa kwamba aliyekuwa nayo huko Ulaya hakuyavaa. Huenda ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Baina ya soli na ngozi, mabuti mengi yana tabaka la sponji ngumu ambayo huzeeka kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini miaka kumi. Kinaonekana kipya. Siku ya pili mlimani, soli nzima inabanduka kama ganda la ndizi.

Bonyeza tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi kama raba, vizuri. Likibaki na alama, likipasuka au kutoa unga, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Kisha kikunje kiatu mahali vidole vinapokunjika, utazame kama kuna nyufa. Kiatu ambacho soli imeshonwa kinaweza kurudishwa kwa fundi, ilhali kilichogundishwa tu kwa gundi kiangalie mara mbili.

Kijaribu jioni, wakati miguu imevimba kwa shughuli za siku, ukiwa umevaa soksi nene. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Mtu hununua viatu akifikiria kupanda, lakini kucha hung'oka wakati wa kuteremka. Halafu kivae wiki mbili kabla ya safari. Aliye Bungoma na atembee hadi Kanduyi na kurudi akiwa na shanta mgongoni, wenzake wamcheke wakitaka. Malengelenge yatokee huko huko barabarani, mahali palipo na bodaboda.

Je, gambuti? Kwa matope ya msituni upande wa Kimilili na Kapsokwony, zinasaidia sana. Kwa mwendo wa siku nzima juu ya mawe, hapana. Zinateleza, zinachubua, na jasho la ndani hugeuka baridi. Jozi ya akala, zile ndara za tairi, itakufaa kambini jioni unapokausha mabuti.

PANGO SI HEMA

Wapo watakaokwambia kwamba huna haja ya hema, kwa kuwa Elgon ina mapango makubwa. Ni kweli Wasabaot waliishi humo na mifugo yao, na Joseph Thomson aliyepita mwaka 1883 aliyastaajabia. Ni kweli pia kwamba ndovu huingia pango la Kitum usiku kuchimba chumvi kwa pembe. Hiyo pekee ingetosha kukukatisha tamaa ya kulala humo. Lakini kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru pango hilo walifariki kwa ugonjwa wa Marburg, unaohusishwa na popo. Pango lizuru pamoja na askari wa KWS, kwa kufuata maagizo yake, wala usishike popo au vinyesi vyao. Kulala, lala kwenye hema.

Hema nyingi za bei nafuu zinazouzwa zikiwa zimekunjwa vizuri mfukoni zimetengenezwa kwa ajili ya watoto kuchezea uani. Tafuta lenye matabaka mawili, la ndani la kupitisha hewa na la nje la kuzuia mvua linaloshuka hadi karibu na ardhi. Lisimamishe uani, hesabu vigingi na fito, kisha chota ndoo tano za maji umwage juu, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Zoezi hili huwafurahisha watoto kuliko sinema.

Kuhusu kulala, kosa la watu wa mjini ni kujifunika blanketi tatu na kulala juu ya moja. Ardhi ndiyo hunyonya joto. Godoro jembamba la sponji chini yako lina thamani kuliko blanketi ya nne. Ukinunua mfuko wa kulalia, soma nyuzi zilizoandikwa. Mara nyingi huwa ni tatu. Ile ya juu ni ya kulala kwa starehe. Ile ya chini kabisa, ambayo wauzaji hupenda kukuonyesha, ina maana kwamba pengine utaamka ukiwa hai. Mfuko wenye manyoya ya bata ni mwepesi na wa joto, ila ukilowa haukusaidii. Kwa milima yetu yenye ukungu, uliojazwa nyuzi za poliesta ni salama zaidi, na bei yake ni ya chini.

Ili uufikishe mkavu, tia kila cha kulalia ndani ya gunia la mbolea lenye nailoni ndani, lililosuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa barabara, kisha ulitie ndani ya shanta. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, magunia hayakosekani.

MOTO

Jambo hili lishike, hata kama utasahau mengine yote. Usiku wa baridi, mtu atapendekeza jiko la makaa liingizwe hemani. Kataa. Kataa hata kama ni mwalimu, hata kama ni mjomba. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na hema lililofungwa ni dogo kuliko chumba chochote ambamo familia zimewahi kukutwa asubuhi hazina uhai. Stovu ya mafuta ya taa au ya gesi nayo ni vivyo hivyo. Pikia nje. Ukitaka joto, chemsha maji, yatie katika chupa ya chuma yenye kifuniko imara, ivishe soksi na ulale nayo.

Chupa hiyo utaihitaji kwa sababu nyingine. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa nchini, kwa hivyo maji ya chupa za dukani hayaruhusiwi kupita lango la Chorlim.

Karibu na kilele maji huchemka kwenye nyuzi kama 86, si 100. Maharagwe utayapika hadi mafuta yaishe na bado yatagonga meno. Beba yaliyopikwa nyumbani, au chapati, njugu, sukari na unga wa uji. Maji ya kijito yachemke dakika tatu kamili.

Vidogo vilivyobaki havichukui nafasi: tochi ya kuvaa kichwani na betri za akiba, kwani saa moja jioni giza huwa limeshaingia, dira na ramani, filimbi ya kupuliza mara sita kila dakika ukipotea kwenye ukungu, kamba na sindano ya gunia. Simu ilale nawe, maana baridi hunyonya betri, na usiifanye tegemeo lako huko juu. Maumivu makali ya kichwa yakiandamana na kutapika, hakuna kifaa cha dukani kitakachosaidia. Mteremsheni mgonjwa saa hiyo hiyo, hata kama kilele kinaonekana.

Mkisharudi, anika hema na mifuko ya kulalia uani siku mbili kabla ya kuvikunja, mjaze magazeti makuukuu ndani ya mabuti badala ya kuyaweka karibu na jiko, na mlipe deni la fundi.