Jinamizi: Fahamu Imeamka, Mwili Bado Umelala

"Niliamka, nikaona kivuli mlangoni. Kikanikalia kifuani, nikataka kupiga kelele, sauti haikutoka." Maelezo ya namna hii si uongo, wala si dalili ya wazimu.

Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, shina la ubongo huilegeza misuli ya viungo ili tusitende tunayoyaota. Mara nyingine fahamu hurejea kabla ya ulegevu huo kuisha. Macho hukiona chumba halisi, huku ndoto ikiendelea ndani yake. Pumzi haikatiki, ila mtu hushindwa kuivuta kwa nguvu apendavyo, akahisi amekabwa.

Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, watu walikesha nje ya nyumba zao. Masimulizi mengi ya wakati ule yanafanana mno na jinamizi. Na kukesha, kwa bahati mbaya, huzidisha jinamizi. Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye.

Kwa kawaida hali hii hupita yenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Kulala ubavu na kupata usingizi wa kutosha husaidia.

Mhudumu asikimbilie dawa za maradhi ya akili. Kwanza aulize: je, mgonjwa husinzia ghafla mchana? Magoti humlegea anapocheka? Akijibu ndiyo, apewe rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.