Jeli Inayong'aa Gizani: Mwanga Wake Watoka Wapi?

Ndugu mmoja anayeosha vyombo katika ukumbi wa sherehe alitujia ofisini na swali. Usiku wa arusi moja, alisema, taa za kawaida zilizimwa, zikawashwa taa za zambarau, na mara bakuli za jeli zilizokuwa mezani zikaanza kutoa mwanga wa bluu kama moto wa jiko la gesi. Wageni walipiga vigelegele, wakala. Jikoni zilibaki bakuli tatu, lakini katika wafanyakazi wote hakuna aliyethubutu kuonja. "Mimi nina watoto," alisema ndugu yetu. "Kitu kinachowaka bila moto, nikiwapelekea nyumbani nitakuwa nimewapelekea nini?"

Tuliona kwamba swali hilo halimhusu yeye peke yake. Kila siku wafanyakazi tunashika viwandani na mashambani vitu ambavyo hatukuelezwa ni nini. Basi tulinunua chupa za toniki na pakiti moja ya jeli, tukaazima kwa mwenye duka kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia, tukafanya majaribio wenyewe. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na mambo ambayo yafaa kila mfanyakazi ayajue.

TAA ISIYOONEKANA

Taa ile huitwa taa nyeusi. Si kwamba balbu yake ni giza. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga wake haionekani kwa jicho la binadamu. Ni mwanga wa urujuanimno, uliopita ile rangi ya zambarau iliyo ukingoni mwa upinde wa mvua. Hata jua linao. Sasa, viko vitu ambavyo vikipigwa na mwanga huo huumeza, halafu papo hapo huurudisha ukiwa umegeuka rangi tunayoweza kuiona.

Ndugu zetu wa viwanda vya nguo wanalijua jambo hili vizuri. Kitambaa cheupe hutiwa dawa ya kukifanya kionekane cheupe zaidi, na sabuni nyingi za unga zina dawa ya namna hiyohiyo. Ndiyo sababu shati jeupe huwaka dansini.

Katika jeli, kinachowaka ni kwinini. Kwinini ni dawa ile chungu ya malaria iliyotuponya wengi wetu utotoni. Soda ya toniki hutiwa kwinini kidogo, na ule uchungu wake ndio huo. Mwaka 1845 mtaalamu wa Uingereza, John Herschel, aliandika juu ya rangi ya bluu iliyoonekana katika maji ya kwinini. Mwaka 1852 mwenzake, George Stokes, alieleza sababu yake na kulipa jambo hilo jina. Kutokana na jina hilo ndipo tulipopata neno fluoresenti, lile la taa za tyubu zinazoning'inia juu ya mashine zetu.

Tulipomulika toniki kwa kile kitaa, iliwaka bluu. Tulipozima, ikawa maji tu. Kisha tukatia kijiko cha chumvi: mwanga ukafifia karibu wote. Huo si uchawi. Chumvi ina kloridi, na kloridi huizuia kwinini isirudishe mwanga.

JINSI YA KUITENGENEZA

Anayetaka kuwafurahisha watoto siku ya sikukuu afanye hivi. Achukue pakiti moja ya unga wa jeli, gramu 85, na vikombe viwili vya toniki. Asome kwanza chupa, ahakikishe imeandikwa kwinini, kwa maana soda nyingine chungu hazina. Kikombe kimoja akichemshe, akimimine juu ya unga, akoroge kwa dakika mbili hivi mpaka unga uyeyuke wote. Kisha aongeze kikombe cha pili kikiwa baridi, agawe katika bilauri za kuonyesha, aweke kwenye friji kwa muda wa saa nne. Jeli ya rangi nyepesi au ya bluu huwaka vizuri. Nyekundu iliyokolea huuficha mwanga. Asitie chumvi hata chembe. Sukari aweza kuongeza, kwa sababu uchungu utakuwapo.

Ndugu Waislamu wakumbuke kuuliza juu ya jelatini, maana nyingine hutokana na nguruwe. Iko jeli ya unga wa mwani, nayo huwaka vilevile, ila yataka toniki yote ichemshwe pamoja na unga.

Je, kwinini hiyo yaweza kudhuru? Tupige hesabu. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya soda. Vikombe viwili, yaani karibu nusu lita, havizidi miligramu 40 au zaidi kidogo. Tukigawa kwa watu sita, kila mmoja hupata kama miligramu 7. Kidonge kimoja cha kwinini huwa na miligramu 300.

Kwa hesabu hiyohiyo, asitokee mtu akadhani kwamba toniki yatibu malaria. Mtu mzima anayetibiwa kwa kwinini hupewa miligramu 600 mara tatu kwa siku. Kuzipata katika toniki ingembidi anywe zaidi ya lita 21 kila siku. Mwenye homa aende zahanati. Wala asitokee mtu akasaga vidonge vya kwinini ndani ya jeli ili iwake zaidi. Huko ni kuwalisha watoto dawa bila kipimo. Mama mjamzito, na yeyote ambaye kwinini ilishamdhuru, aiache jeli hii na kula kitu kingine.

Taa nayo ina hatari yake. Zipo taa za urujuanimno za kuulia vijidudu hospitalini na viwandani, na hizo huunguza macho na ngozi. Imekwisha kutokea kwamba mafundi wakafunga taa hizo kwenye tafrija, na wageni wakaamka kesho yake macho yakiwaka kama yamemwagiwa mchanga. Mchomeleaji yeyote anayajua maumivu hayo. Basi taa iwe ile ya sherehe au ya kukagulia noti, na watoto wasiikodolee macho.

SI KILA KINACHONG'AA NI CHAKULA

Ndugu yetu aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Sabuni ya unga huwaka chini ya taa hiyohiyo. Wino wa kalamu za kupakia maandishi rangi huwaka pia. Vile vijiti vya plastiki vinavyong'aa vikikunjwa vina dawa za kiwandani ndani yake. Havipasuliwi juu ya chakula wala ndani ya kinywaji. Kipimo cha kwanza ni hiki: zima taa. Chakula kikiendelea kung'aa gizani, usikile. Na kikizimika, bado uliza, maana hata sabuni huzimika.

Wapo wafanyakazi walionyimwa jibu walipouliza, na habari yao yafaa isimuliwe tena na tena. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey huko Marekani, kampuni iliyokuja kuitwa United States Radium Corporation iliajiri wasichana kupaka nambari za saa rangi inayong'aa usiku. Rangi hiyo haikuhitaji taa. Ilikuwa na radiamu, na iling'aa yenyewe usiku kucha. Ili nambari zitoke nyembamba, wasichana walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Walipouliza kama rangi hiyo yadhuru, waliambiwa haina neno. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno kabla ya kwenda dansini, ili wang'ae mbele ya marafiki zao. Wakati huohuo wataalamu wa kampuni hiyohiyo waliishika radiamu kwa koleo, wakijikinga kwa vizuizi vya risasi.

Baada ya miaka michache meno yao yalianza kung'oka, mataya yakaoza, mifupa ikavunjika. Wengi walikufa wangali vijana. Mmoja wao, Grace Fryer, alihangaika miaka miwili kabla ya kupata wakili wa kumsimamia. Mwaka 1927 yeye na wenzake wanne walishitaki, na mwaka 1928 kampuni ilikubali kumlipa kila mmoja dola 10,000, pamoja na dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu. Afya haikurudi, Grace Fryer alifariki mwaka 1933. Lakini kesi yao iliwafungulia wengine njia ya kudai haki kwa magonjwa yanayotokana na kazi.

Kwinini si radiamu. Jeli haitamwozesha mtu taya. Tumeisimulia habari hii kwa sababu swali la wasichana wale lilikuwa sawasawa na la mwosha vyombo wetu: hiki kinang'aa kwa nini? Wao walijibiwa uongo.

MIKONO ILIYOBANDUA GOME

Tukiisha kujua kwamba jeli yawaka kwa kwinini, lipo swali la pili: kwinini yenyewe yatoka wapi? Yatoka katika gome la mti, na gome halijibandui.

Mkwinini asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliweza kuitenga kwinini katika gome. Tangu hapo kila serikali yenye makoloni ilitaka miti hiyo. Mbegu bora kupita zote zilikusanywa na Manuel Incra Mamani, Mhindi Mwekundu wa Bolivia, aliyekuwa akimfanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Charles Ledger. Mwaka 1865 mbegu hizo zilifika Ulaya, Waholanzi wakanunua sehemu yake, wakazipanda Java. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Java ilikuwa ikitoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini yote ya dunia. Na Mamani je? Mwaka 1871 alikamatwa kwao kwa sababu ya kazi hiyo ya mbegu, akatiwa ndani, akapigwa, akafa. Mti wenyewe wataalamu wameuita kwa jina la Ledger.

Hata kwetu Afrika Mashariki mti huu una historia. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo walichokianzisha mwaka 1902. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipowafungia njia ya bahari, jeshi lao lilitumia kwinini iliyotengenezwa Amani, na baadaye likanywa maji machungu ya magome. Jirani zetu wa Kivu, huko Kongo, waliulima katika mashamba tangu enzi za Wabelgiji, na Bukavu kikajengwa kiwanda cha kuitoa kwinini katika magome. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, magome ya Afrika yaligeuka mali inayotafutwa na majeshi.

Kazi yenyewe ni ngumu. Mti hungojewa miaka kadhaa, kisha hukatwa au kung'olewa. Gome hupigwa kwa rungu la mti mpaka lilegee, hubanduliwa kwa mkono, huanikwa, hupelekwa kusagwa. Kiwandani unga wake huchanganywa na chokaa, hutolewa kwinini kwa mafuta au dawa nyingine ya kuyeyushia, kisha hutiwa asidi. Vumbi la gome huwasha ngozi ya watu wengine mpaka ikatoka vipele, na wengine hubanwa pumzi. Jambo hili si geni. Huko Ufaransa liliandikwa juu ya wafanyakazi wa viwanda vya kwinini tangu katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo mwajiri wa leo hana udhuru wa kusema hakujua. Glavu, kitambaa cha pua, maji ya kunawia, na kumhamisha kazi aliyekwisha kudhurika bila kumpunguzia mshahara ni haki, wala si zawadi.

Tukumbuke pia kwamba malaria kali sasa hutibiwa zaidi kwa dawa mpya. Shirika la Afya Duniani limependekeza sindano ya atesuneti mahali pa kwinini, kwa watoto na kwa watu wazima. Kwa hiyo mnunuzi mmoja mkubwa wa gome sasa ni mwenye kiwanda cha soda. Mbanduaji wa gome aliyekuwa akiwatibu wagonjwa anazidi kutegemea kiu ya wenye starehe. Bei ikishuka huko, ni yeye wa kwanza kuumia.

TULIVYOMALIZA

Jeli yetu ilipoganda tulimwita yule ndugu. Alikula kwanza, tena mbele yetu, akasema ni chungu kidogo lakini si mbaya. Bakuli iliyobaki aliibeba nyumbani. Kesho yake alituletea habari kwamba haikung'aa hata kidogo, kwa kuwa hana taa nyeusi, na watoto waliila yote wakiuliza kwa nini baba alisema itawaka. Basi aliwaeleza habari ya gome na ya wale wanaolibandua.

Ndugu wafanyakazi, kila kitu kigeni kinapoletwa mbele yenu, kiwe cha kula au cha kushika, ulizeni maswali matatu: Ni nini? Chaweza kunidhuru vipi? Nani alikifanya, na alilipwa nini? Anayeuliza peke yake hunyamazishwa. Tukiuliza pamoja, tutajibiwa.